Wimbo niliousimulia vibaya



Wiki chache kabla ya Kwaresima, katibu wa kwaya ya parokia moja wilayani Rungwe alinipigia simu. Niliwahi kufanya utume katika parokia hiyo kwa miaka kadhaa, nikiwa padre kijana. Kwaya yao inatimiza miaka 25, akasema, na wanaandaa kijitabu cha Jubilei. Nyimbo kumi na mbili zinazoimbwa zaidi zitachapwa pamoja na nota zake, na juu ya kila wimbo mtunzi aandike mistari michache: wimbo ulitoka wapi, ulitungwa lini, kwa tukio gani. Kati ya hizo kumi na mbili, nne ni zangu.

"Padre, wewe andika tu kama unavyotusimuliaga kwenye semina," akanitia moyo.

Nikakubali upesi. Mtunzi gani hapendi kuulizwa habari za nyimbo zake?

Tatu kati ya hizo nne niliziandikia maelezo jioni ileile. Wa kwanza ni wimbo wa matoleo. Ulizaliwa ndani ya Coaster ya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu, siku ambayo mama mmoja aliyeketi pembeni yangu, mkungu wa ndizi magotini, alipungukiwa nauli. Konda akaanza kufoka. Mama hakujibu neno. Alichomoa kisu kidogo kwenye kikapu, akakata chana moja, akamkabidhi. Konda akaitazama ile chana, akacheka, akaiweka mbele karibu na kioo, kisha akarudi mlangoni kuita abiria: Ki-wi-ra! Ki-wi-ra! Alikuwa anaimba bila kujua: r – m – d. Kiitikio cha wimbo ule kinaanzia hapo hapo, na wanakwaya wa zamani wanaofahamu siri hiyo bado hutabasamu kila kinapoanza.

Wa pili ulitokana na ubishi. Nilisoma theolojia Peramiho, na huko Usongeani huwezi kupita bila kusikia habari za Padre Stephen Mbunga, aliyetuachia Misa Baba Yetu ya mwaka 1959, kisha mwaka 1963 akatoa kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake kwa mbali tu, kwa kusoma, lakini jambo moja lilinikaa. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hakibembelezi, ndivyo kilivyo. Ukichukua tuni ya Kijerumani ukaivika maneno ya Kiswahili bila kuangalia, utajikuta unaimba "Bwaná" mahali pa "Bwána", na waamini wataimba hivyo miaka themanini kwa utiifu. Rungwe tuni hizo zina mizizi: Wamoraviani walifungua misheni yao chini ya mlima ule mwaka 1891, na walikuja na vitabu vya nyimbo. Sisi Wakatoliki nasi tulikuja na vyetu. Basi mwalimu wa kwaya alikuwa ameshika upande wa tuni, mimi nikashika upande wa maneno, tukabishana wiki mbili, na wimbo wa shukrani ukatoka katikati yetu. Mpaka leo kila mmoja anadai ameshinda.

Wa tatu ni wa Bikira Maria na hauna hadithi. Nilikaa, nikauandika.

Wa nne ndio unaojulikana zaidi. Unaitwa "Aliyebisha Usiku", ni wimbo wa toba, na kila Kwaresima huvuka mipaka ya parokia ile. Nimeusikia Kyela, nimeusikia Mbeya mjini, na mara moja niliusikia kwenye simu ya dereva wa bajaji ambaye hakujua kwamba aliyembeba ndiye mtunzi. Maneno yake ni mepesi: mtu anabisha mlangoni usiku wakati wa mvua, mwenye nyumba anamjibu kwa upole kwamba aje kesho, na asubuhi mwenye nyumba anapofungua mlango anakuta nyayo tu kwenye tope. Mapadre wenzangu huufanyia mahubiri. Husema anayebisha ni Kristo, na hutaja sura ya tatu ya Ufunuo. Sijawahi kuwasahihisha.

Kwenye semina za kwaya nimeusimulia hivi: kwamba mwaka 2003, wakati wa mvua za Aprili, niliitwa kwenda kumhudumia bibi mgonjwa kijijini, kwamba bibi yule alifariki kwa amani, na kwamba niliporudi nyumbani maneno yalinijia. Ni hadithi nzuri. Washiriki hunyamaza kimya nikiisimulia. Hakuna sentensi ya uongo ndani yake.

Safari hii nilishika kalamu niiandike, na kwa mara ya kwanza ikanishinda.

Ndugu msomaji, ukifungua Biblia yako kwenye Zaburi, utaona juu ya zaburi nyingi kuna maneno madogo ambayo kanisani hatuyasomi. Msomaji wa Misa akifika kwenye wimbo wa katikati huyaruka, na ni sawa, liturujia imepanga hivyo. Lakini katika Kiebrania maneno hayo ni sehemu ya andiko lenyewe, huhesabiwa aya kabisa. Zaburi 55 zinaelekezwa kwa kiongozi wa waimbaji, yaani mwalimu wa kwaya. Na zaburi 13 zinataja tukio katika maisha ya Daudi: alipomkimbia Absalomu mwanawe, alipokuwa pangoni, alipokuwa jangwani Yuda. Ni mtunzi anatajiwa chimbuko la wimbo wake, kama vile kwaya yangu ilivyoniomba.

Wataalamu wa Maandiko walitufundisha kwamba maneno hayo yaelekea yaliongezwa baadaye na waliotunza nyimbo hizo. Jambo hilo huwakwaza wengine. Mimi linanigusa zaidi kuliko kama Daudi angeyaandika mwenyewe, hasa kwenye Zaburi ya 51, ile tunayoimba Jumatano ya Majivu na ambayo sisi tunaosali Masifu ya asubuhi tunaisali kila Ijumaa. Zaburi yenyewe haimtaji mtu. Ni ombi la mwenye dhambi yeyote yule: anaomba kuoshwa, anaomba moyo mpya. Ingeweza kukaa bila maelezo na ingetufaa vivyo hivyo. Lakini waliokuwa wanaiimba hawakukubali ikae hivyo. Wakaandika juu yake kwamba hii ni ya Daudi, nabii Natani alipomjia, baada ya yeye kuingia kwa Bathsheba. Mfalme mkuu wa taifa lao, na jina la mwanamke, na kosa lenyewe, vyote vimewekwa mlangoni mwa wimbo. Ukitaka kuimba ombi la moyo safi, utapita kwanza kwenye kitanda cha mke wa Uria.

Mimi kwenye mlango wa wimbo wangu nilikuwa nimetundika pazia.

Sasa niseme ilivyokuwa.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 11 Aprili 2003, Ijumaa ya mwisho kabla ya Matawi. Wanaoijua Rungwe wanaujua Aprili. Mvua ya kule haina haraka. Huanza kama mtu aliyekuja kukaa. Nilikuwa nimetoka kuongoza Njia ya Msalaba, nimeketi mezani na karatasi za nota mbele yangu. Nilikuwa natunga wimbo wa Pasaka. Kwaya ilikuwa na mazoezi Jumamosi mchana, na sauti ya tatu na ya nne zilikuwa bado. Mtu akabisha.

Alikuwa mvulana wa miaka kumi na mitatu hivi, shati limegandamana na mwili, miguu imepakwa tope jeusi hadi magotini. Alitoka kigango cha mbali, ng'ambo ya mashamba ya chai. Bibi yake anazidiwa, katekista amemtuma, wanaomba Padre aje na mafuta ya wagonjwa. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika vijiji vile, kwa hiyo ujumbe ulitembea kwa miguu ya mtoto.

Nilimkaribisha, nikampa chai. Nikatazama nje, nikatazama karatasi zangu. Pikipiki ya parokia ilikuwepo, ina mafuta, na koti la mvua lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango. Kwa njia ile, hata kwa tope, ni mwendo wa saa moja na nusu. Nikamwambia yule mtoto, kwa upole kabisa, kwamba njia ni mbaya sasa, nitakuja asubuhi na mapema, na yeye alale hapa parokiani, tutaondoka pamoja.

Alisema, "Sawa, Padre." Akamaliza chai. Akakataa kulala, akasema bibi atamtafuta. Nikampa tochi. Akaenda.

Nikamalizia sauti ya tatu na ya nne.

Nilifika kigangoni saa mbili asubuhi. Bibi alikuwa amekata roho saa nane usiku. Nyumba ilikuwa imejaa majirani, na wengi wao walikuwa Wamoraviani. Walikuwa wamemwimbia usiku kucha, na mzee wao mmoja wa kanisa alikuwa amesali naye akimshika mkono. Walinipisha kwa heshima. Mwanamke mmoja alinishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo", kwamba nimekuja katika tope lote lile. Nilifungua kitabu nikasali sala za marehemu. Mafuta ya wagonjwa yalibaki mfukoni.

Theolojia niliyosoma inasema Mungu hafungwi na sakramenti zake. Naiamini sentensi hiyo, nimewafariji nayo wengi. Siku ile, nikirudi kwenye pikipiki, sikuwa na uso wa kuitumia kwa ajili yangu.

Niliungama wiki iyo hiyo, kabla ya Alhamisi Kuu. Maneno ya "Aliyebisha Usiku" yalikuja baada ya Pasaka, yote kwa siku moja. Na ule wimbo wa Pasaka, uliosababisha yote, uliimbwa mara moja. Tuni yake siikumbuki. Siku hizi nikijaribu kuitafuta kichwani nakuta sauti ya nne tu, tena vipande.

Nilipokwama na kijitabu cha Jubilei nilitafuta pa kujificha, na mtu mwenye elimu kidogo ya seminari hakosi pa kujificha. Nilimkimbilia Mtakatifu Yohane wa Msalaba. Huyu alikuwa mtunzi kwelikweli. Desemba 1577 watawa wenzake wa Karmeli, waliopinga marekebisho ya shirika aliyoyaanza pamoja na Mtakatifu Teresa wa Avila, walimkamata wakamfungia Toledo, ndani ya chumba kidogo chenye mwanga haba, akakaa humo karibu miezi tisa. Humo ndimo alimotungia sehemu kubwa ya Wimbo wa Kiroho, hadi alipotoroka Agosti 1578 kwa kuteremka ukutani. Miaka michache baadaye Mama Ana wa Yesu, mkuu wa watawa wa kike huko Granada, alimwomba afafanue maana ya beti zake. Akaandika maelezo marefu, ubeti kwa ubeti. Kwenye utangulizi anasema kwamba maneno yaliyotoka katika upendo ni afadhali yaachwe katika upana wake, ili kila mtu achote kadiri ya roho yake. Na katika maelezo yote hayo hasimulii habari za kile chumba cha Toledo. Wala hawataji waliomfungia.

Nikaona nimepata. Nami niuache wimbo katika upana wake! Kama watu wanasema aliyebisha ni Kristo, wanakosea wapi? Nikaongeza na mfano wa karibu zaidi. Kila mtoto wa shule Tanzania anaimba wimbo wa taifa, na tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni huko Johannesburg. Alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana, bila kujua kwamba mataifa yangesimama wima kwa wimbo wake. Hakutuachia maelezo. Wimbo umeishi.

Nikaandika mistari minne mizuri juu ya "upana wa maneno ya upendo", nikaisoma, nikalala.

Asubuhi niliiona ilivyo. Yohane wa Msalaba alinyamaza kuhusu ubaya aliotendewa. Mimi nilikuwa nanyamaza kuhusu ubaya niliotenda, halafu nimeazima kanzu yake.

Kuna jambo jingine lililonisumbua, na hili nilijifunza Rungwe kwenyewe. Mimi nimetokea Mbozi, si Mnyakyusa wa kuzaliwa, na nilipofika kule padre mmoja mzee alinishauri nisome vitabu vya Monica Wilson, yule mtaalamu wa mila aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey miaka ya 1930. Kitabu chake juu ya mila za ukoo kilitoka mwaka 1957. Anaeleza kwamba wazee wa zamani waliamini ibada ya ukoo haiwezi kufaa kitu kama watu wanaoishiriki wana jambo moyoni hawajalisema. Lazima walitoe kwa mdomo, mbele ya wenzao. Mzee akisali aliweza kuchukua maji kinywani akayapuliza nje, alama kwamba kilichokuwa ndani kimetoka. Hasira iliyofichwa, hata ikiwa ya mtu mmoja, iliharibu ibada ya wote. Sisi tuna kitubio, na sisemi kwamba vitu hivi viwili ni kimoja. Lakini sisi pia tunafundisha kwamba ondoleo la dhambi halirudishi kila kilichoharibika, ndiyo maana kuna malipizi. Nilipewa malipizi mwaka 2003, nikayatimiza kwa sala. Haikunijia kuuliza kama kuna mtu mwingine aliyekuwa amebeba sehemu ya jambo hili.

Alikuwepo. Yule mvulana alikua, akajifunza ujenzi, akaoa, akahamia karibu na mji, na anaimba sauti ya nne katika kwaya ileile. Nilikuwa najua. Nimemwona kwenye safu ya nyuma akiimba "Aliyebisha Usiku" pengine mara thelathini, na mimi nipo mbele, nimefumba macho kwa uchaji.

Nikasema, kabla halijasomwa na yeyote kwenye kijitabu, yeye asikie kwanza. Nilipanda gari hadi Tukuyu siku ya katikati ya wiki. Nilimkuta kwenye ujenzi, anapandisha ukuta wa matofali ya kuchoma, pamoja na vijana wawili. Aliosha mikono kwenye ndoo, akaniamkia, akaniletea kiti cha plastiki kivulini, chini ya mparachichi. Yeye akakaa juu ya mfuko wa saruji.

Nilimweleza yote kama nilivyoyaandika hapa. Meza, nota, koti la mvua nyuma ya mlango, pikipiki yenye mafuta. Nikamwambia aliyebisha katika wimbo ule ni yeye.

Alikaa kimya muda mrefu, akiutazama ukuta wake. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelitegemea.

"Padre, mimi siku ile nilichelewa."

Nilimwuliza kivipi.

"Walinituma mapema, saa nane mchana. Mvua ilinikuta kwenye mashamba. Nikaingia kwenye lile banda la kupimia chai, kulikuwa na wenzangu tunacheza bao la kuchimba chini. Nikakaa. Mvua ilipopungua sikutoka hapohapo, nilimalizia mchezo. Ningefika kwako saa kumi. Nimekuwa nikijua hivyo miaka yote. Kwamba Padre angewahi, bibi angepata mafuta, ni mimi niliyecheza."

"Ulimwambia nani?"

"Nani wa kumwambia? Mama alikuwa anasema Padre alijitahidi, usiku ule wa mvua. Na wewe mwenyewe kwenye semina ulikuwa unasema alikufa kwa amani. Nikasema basi, wakubwa wamelifunika, nami nilifunike."

Ndugu msomaji, nimesikia maungamo ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Sijawahi kujiona mdogo kama pale kwenye kiti cha plastiki. Mtoto wa miaka kumi na mitatu alikuwa amebeba mzigo wangu mpaka akaota ndevu, na kila nilipousimulia wimbo kwa uzuri nilikuwa namwongezea jiwe.

Nilimwambia, kwa maneno yasiyo na mpangilio, kwamba hata kwa kuchelewa kwake alifika kwa wakati. Ningeondoka alipobisha, ningefika saa mbili usiku, na bibi yake alikuwa hai mpaka saa nane. Saa sita nzima. Akahesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayehesabu matofali. Akahesabu tena.

"Saa sita," akasema.

"Saa sita."

Kijana mmoja alimwita kuuliza kuhusu udongo wa kujengea, akamjibu bila kugeuka. Kisha akanitazama, na nikaona kuna kitu kinamchekesha kidogo, ingawa macho yalikuwa yamelowa.

"Ila Padre, nikuulize. Kwa nini uliandika 'usiku'?"

"Si ulikuja usiku?"

"Hapana, Padre. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Kulikuwa na mwanga. Nilikuona dirishani unaandika, taa bado hujawasha. Giza lilinikutia njiani, nikirudi."

Nilibisha. Nilikuwa na hakika. Katika kumbukumbu yangu kuna taa mezani, nje ni giza tupu, na kwa sababu ya giza hilo nimejisamehe nusu miaka yote hii. Lakini yeye alikumbuka rangi ya kikombe alichonywea chai, akakumbuka kuku wa parokia walikuwa bado hawajaingia bandani. Nikaacha kubisha. Nilijiwazia ile Zaburi ya 34, ambayo maneno yake madogo yanasema Daudi alijifanya mwendawazimu mbele ya Abimeleki, wakati Kitabu cha Kwanza cha Samweli kinasema mfalme yule alikuwa Akishi. Seminarini tulipewa maelezo mengi ya kitaalamu juu ya tofauti hiyo. Sasa ninalo langu moja, lisilo la kitaalamu: mwenye wimbo si shahidi mzuri.

Nikamwambia tubadilishe. "Usiku" na "jioni" zote zina silabi tatu, mkazo uko palepale, neno jipya litaingia bila kugusa nota hata moja. Padre Mbunga mwenyewe asingelalamika.

Akafikiri, akajaribu kuimba kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya nne, "Aliyebisha jioni". Akatikisa kichwa.

"Watu wameshauzoea, Padre. Acha hivyo hivyo. Wewe andika pale juu."

Nilimwomba ruhusa ya kuandika habari hii katika safu hii pia. Alikubali, kwa sharti jina lake lisitajwe, na kwamba nimtumie gazeti. Kisha akasimama, akasema udongo unakauka, akarudi kwenye ukuta wake.

Kijitabu kimekwenda kwa mchapaji juzi. Juu ya wimbo wa nne, kwa herufi ndogo, nimeandika:

"Kwa mwalimu wa kwaya. Wimbo wa padre, alipoitwa kwa mgonjwa jioni kungali na mwanga, akaenda asubuhi. Mtoto aliyetumwa alifika kwa wakati."